Chiriku Aliponyamaza

Stendi ya Biharamulo siku ya soko haina adabu. Mabasi yanapiga honi juu ya vichwa vya watu, wauza mahindi ya kuchoma wanapenyeza mikono madirishani, na makondakta watatu wanagombania begi la abiria mmoja ambaye wala hasafiri. Siku hiyo, juu ya kelele zote hizo, kulikuwa na sauti ya mwanamume ikitoka kwenye spika ya kibanda cha bluu. Mara ilikuwa ya bibi kizee, mara ya polisi, mara ya mbwa anayebweka kwa wasiwasi. Watu walikuwa wamesimama na mizigo yao vichwani, wanacheka.

Esperansia alisimama nao. Alivaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa sawasawa kiunoni, na nywele alikuwa amesuka twende kilioni, mistari myembamba iliyorudi nyuma kama matuta ya maharage. Aliposhindwa kujizuia kucheka akaona haya, akasogea dirishani.

"Samahani, kaka. Huyu anayetafsiri hii muvi ndiye DJ Chiriku?"

Kijana aliyekuwa ndani alimeza kipande cha andazi haraka haraka. Alivaa fulana nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikono, na kofia ya kushonwa kwa mkono aliyoiinamisha kidogo upande wa kulia.

"Inategemea, dada. Amekukosea?"

"Bado."

"Basi ndiye mimi."

Jina lake halisi lilikuwa Khalidi, mtoto wa mzee Kombo muuza vitambaa, ambaye babu yake alikuja Biharamulo kutoka pwani na majora mawili ya kaniki na hakurudi tena. Khalidi alikuwa na banda la video nyuma ya soko, na kibanda hiki cha kuwekea watu muvi kwenye flashi. Yeye ndiye aliyezitafsiri. Alikaa nyuma ya pazia na kipaza sauti, filamu ikicheza, akawasemea wote, mwema na mbaya, mke na mume, palepale, bila kuandika neno.

Esperansia naye alikuwa mtangazaji. Kila Jumamosi alikuwa na kipindi katika redio ya kijamii pale mjini, akizungumza juu ya filamu alizoziona, nzuri na mbovu, na wasikilizaji wakipiga simu kubisha.

"Natafuta filamu ya Kitamil," alisema.

"Za Kihindi zipo nyingi."

"Nimesema Kitamil. India ina lugha nyingi kama sisi huku. Wewe ukimwita Mhangaza Mhaya, atakubali?"

"Atanipiga."

"Haya basi."

Khalidi alicheka, akapekua kompyuta yake huku akimtazama mteja zaidi ya kioo. Alikuwa nayo moja, aliipata kwa mtu wa Mwanza na hajawahi kuionyesha. Jina lake hakuna aliyeweza kulitamka. Baadaye stendi nzima iliiita "ile ya watoto", na hata hapa tuiite hivyo.

"Hii haina ngoma wala ngumi," alimwonya. "Watoto wawili wanaokota chupa, basi. Utalala."

"Tuone nani atalala."

Waliitazama pamoja siku ya pili, alasiri, ndani ya kibanda, mlango wazi ili watu wasipate la kusema. Watu walipata la kusema hata hivyo. Ilikuwa hadithi ya dada na mdogo wake wanaoishi nyuma ya tanuri la matofali. Mama yao anaumwa, na wao wanataka jambo moja tu: wapige picha studio, wampelekee hospitali aiweke chini ya mto. Mwishoni mwenye studio anawaita. Mtoto wa kiume hana shati, amevaa blauzi ya dada yake. Anakaa kwenye kiti kirefu, miguu haifiki chini. Anaziba vifungo kwa kiganja. Kamera inamtazama, na hakuna anayesema neno, wala muziki haupigwi, kwa muda mrefu sana.

Khalidi aligeuka kusema kitu cha kuchekesha, akakuta Esperansia analia.

"Espe? Nini tena, mama?"

Ndipo akamwambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu Biharamulo. Kwao Mugoma, Ngara, alikuwa na mdogo wake, Niyomugabo. Siku ya Komunyo ya kwanza Niyo hakuwa na shati jeupe, mama yao akamvika blauzi ya Esperansia. Vifungo vikakaa upande wa wanawake. Kanisani watoto walimwona, wakacheka, na Niyo akatembea mpaka altareni na kiganja kifuani, hivyohivyo, kama huyu wa kwenye filamu. Masika yaliyofuata malaria ilimchukua.

"Hatuna picha yake hata moja," Esperansia alisema. "Mama mpaka leo akisikia watoto wanacheka pamoja, anaingia ndani. Na huyu mtoto wa watu, wa mbali huko, nani amemwonyesha kukaa kama Niyo?"

Khalidi alisogeza kiti chake karibu. Alimshika mkono, na hakuuachia mpaka jua lilipoinama nyuma ya paa la soko. Mapenzi ni kikohozi, wahenga walisema, na kikohozi cha hawa wawili stendi nzima ilikisikia. Ndani ya miezi michache makondakta walimwita Esperansia shemeji, na simu zao zilikuwa hazipoi.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Ugali wa muhogo na dagaa."

"Hujanibakizia?"

"Nimekubakizia mwiba."

"Utanifanya nije niuchukue sasa hivi."

"Njoo, mwenye nyumba anakusubiri na mchi."

Lilibaki jambo moja: wazazi. Mama yake Khalidi, bi Biubwa, hakupenda kusikia habari za binti Mkristo, lakini alikuwa amelegea kiasi cha kuuliza jina lake. Na mama yake Esperansia, Priscila, alikuwa amekuja mjini kutibiwa mguu hospitali, akafikia chumbani kwa mwanawe. Mwanamke mwembamba, mtaratibu, mkulima tangu azaliwe. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, maneno machache ya bei na salamu, mengine yote Kihangaza.

"Mlete mama Jumamosi bandani," Khalidi alisema kwenye simu. "Naionyesha ile ya watoto. Nataka anione kazini."

"Khalidi, ile filamu ni nzito kwake."

"Niamini. Siku hiyo mji mzima utalia kama ulivyolia wewe."

"Basi nisikilize. Pale mwisho, mtoto anapokaa kwenye kiti, usiseme kitu. Paache."

"Sawa, mpenzi."

Alisema sawa na alikusudia. Lakini kazi ya kutafsiri bandani ina sheria moja, na Khalidi aliifuata tangu alipoanza kazi: usiache kimya. Watu wakikaa kimya mno bandani ujue wanatafuta mlango. Kimya ni mtafsiri aliyelala. Kila penye pengo Chiriku alitia neno, na ndiyo maana walimpenda.

Jumamosi banda lilijaa. Priscila alikaa benchi la mbele, amejifunga kitenge kipya na kitambaa cheupe kichwani, mikono mapajani kama yuko kanisani. Esperansia alikaa kando yake, anamnong'oneza kwa Kihangaza. Filamu ilikwenda vizuri. Watu waliguna penye kuguna. Mzee mmoja nyuma alilalamika kwamba umaskini anao nyumbani, ameingia ndani kuusahau, na sasa wanamwonyesha mwingine wa ng'ambo. Wakamnyamazisha.

Ikafika ile sehemu. Mtoto akapanda kitini. Kimya kikaja.

Nyuma ya pazia Khalidi alisikia benchi likilia, mtu akikohoa, mwingine akipiga mwayo. Alifikiri: hawaelewi. Wangejua ninachokijua, wangelia. Akakisogeza kipaza sauti, akasema kwa sauti ndogo ya kitoto, polepole, na nakuapia msomaji, aliisema kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo:

"Mimi naitwa Niyo. Natoka Mugoma. Hii blauzi ni ya dada."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa mbele. Hakuwa na ubaya. Alisikia sauti ya Chiriku, na sauti ya Chiriku tangu aijue ilikuwa ya kuchekwa. Benchi lake likamfuata, kisha banda zima. "Chiriku huyo! Kaanza!" Na Khalidi, badala ya kunyamaza hapo, badala ya kuuma ulimi mpaka utoke damu, alifanya alichofanya kila siku watu walipocheka. Akaongeza.

"Mnacheka nini? Na wewe ulivaa ya mama yako!"

Banda likapasuka. Watu walipiga mabenchi. Ulimi hauna mfupa, na wa kwake siku hiyo ulikwenda ulikozoea.

Priscila alisimama. Alijitanda kitenge mabegani, akapita mbele ya mwanga wa projekta, kivuli chake kikamfunika yule mtoto, akatoka nje juani. Esperansia akamfuata.

Usiku wote Khalidi alipiga simu. Haikupokelewa. Jumamosi iliyofuata alikuwa sebuleni kwa mama yake, redio mezani, ilipokuja sauti ya Esperansia, kavu, ya kikazi.

"Wiki iliyopita wengi wetu tuliona filamu ya Kitamil ya watoto wawili maskini. Ninawaambia kwamba hamkuiona. Filamu ile imetengenezwa na watu wanaojua kunyamaza mbele ya mtoto anayeona aibu. Sisi tuliletewa na mtu asiyejua. Alichukua aibu ya mtoto akatuuzia kama kichekesho, na sisi tukainunua."

Kisha simu za wasikilizaji. Wa Nyamahanga alisema dada acha ukali, mkulima akitoka shamba anataka kucheka. Wa pili akasema filamu ya Kihindi isiyo na ngoma ni hotuba. Mama mmoja akasema yeye alicheka, kisha akafika nyumbani akamwona mwanawe amevaa sketi ya dada yake, akakosa raha mpaka leo.

Bi Biubwa alizima redio.

"Huyo ndiye uliyetaka niende nikakuposee?"

Khalidi alitoka nje, kichwa kinamchemka. Safari hii Esperansia alipokea.

"Umenivua nguo mbele ya mji mzima!" Khalidi alifoka. "Mimi! Si ungenipigia ukaniambia? Nilifanya vile kwa ajili yako!"

"Kwa ajili yangu?"

"Nilitaka wamlilie!"

"Khalidi, nikuambie kitu. Mama hajui Kiswahili cha maana. Katika yote uliyosema siku ile alielewa maneno mawili. Alisikia jina la mwanawe. Alisikia Mugoma. Halafu akasikia watu wanacheka." Sauti ya redio ilikuwa imemwisha, alikuwa analia. "Aliniuliza njiani, 'Hapa nako walimwona?' Nimjibu nini? Niambie wewe unayejua kujibu kila kitu."

Khalidi alifungua mdomo. Simu ikakatika.

Juma hilo Esperansia aliomba likizo redioni, akamrudisha mama yake Mugoma, akabaki huko kumsaidia kuvuna maharage. Bandani Khalidi alijaribu kutafsiri filamu ya ngumi, akafika katikati akazima kipaza sauti. Watu walipiga miluzi, wakadai warudishiwe pesa zao. Alipungua mpaka kofia ikamshuka masikioni. Bi Biubwa, ambaye alikuwa na ulimi mkali lakini si moyo mkali, alimkuta ameketi jikoni, akamtoa siri yote. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Mimi nilizika wawili kabla yako," alisema hatimaye. "Nenda kwa yule mama. Si kwa binti. Kwa mama kwanza."

Kwa Wahangaza mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu, hubeba mtungi wa pombe ya ndizi. Khalidi, mtoto wa Kiislamu, alikwenda na kreti la soda. Alipita Lusahunga, akapanda milima ya Ngara ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, akafika Mugoma vumbi limemjaa hadi kope, akaulizia kwa mama Priscila.

Alimkuta uani anapepeta maharage. Esperansia alikuwa mlangoni, khanga kiunoni, miguu ina udongo. Alimwona, hakusogea.

Khalidi alipiga magoti palepale juu ya maganda.

"Shikamoo, mama."

Ungo ulisimama. "Marahaba. Kalibu ukae."

"Siwezi kukaa, mama. Nimekuja..." Maneno yakakwama. Alianza tena, yakakwama tena, mpaka Esperansia akamhurumia, akamsemea kwa Kihangaza. Priscila alisikiliza mpaka mwisho. Alipojibu, alijibu kirefu, na Esperansia akainama kabla ya kutafsiri.

"Anasema siku ile alitoka kabla haijaisha. Anasema yule mtoto hakumwona vizuri. Anataka amwone."

Jioni ile walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa nyumba. Khalidi aliteremsha projekta na kipaza sauti, vyombo vya kazi asivyoviacha nyuma, kutoka kwenye gari aliloazima kwa mjomba wake. Majirani walikuja na vigoda na watoto mgongoni, watu waliomjua Niyo, wengine waliokuwepo siku ile kanisani, sasa wakubwa, wana watoto wao. Khalidi alitafsiri kwa sauti ya chini, alichosema mtu na si zaidi, na Esperansia kando yake akayatia katika Kihangaza.

Mtoto akapanda kitini. Akaziba vifungo kwa kiganja.

Khalidi aliweka kipaza sauti chini, kwenye majani. Kimya kilikuja kikakaa. Mbuzi alilia mahali. Hakuna aliyekohoa, wala mtoto mchanga hakulia, na uso wa yule mtoto wa mbali ulikuwa mkubwa ukutani kwao, unawatazama.

"Niyo," Priscila alisema.

Alisema taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto asimshtue. Mwanamume mmoja nyuma, aliyepata Komunyo siku moja na Niyo, alijifunika uso. Priscila alisimama akaenda mpaka ukutani, akauweka mkono wake juu ya ule mkono mdogo ulioziba vifungo. Mwanga wa picha ukamwingia kwenye vidole. Alikaa hivyo mpaka picha ilipobadilika.

Asubuhi alimpa Khalidi mkungu wa ndizi aupeleke kwa mama yake, akamwita mwana wanje, mwanangu. Kwa upande wake yalikwisha. Khalidi aliupakia garini, akageuka kwa Esperansia aliyekuwa amemsindikiza hadi barabarani. Alivaa lile gauni la njano la siku ya kwanza, na Khalidi aliona kwamba alilivaa kwa ajili yake, akapata moyo.

"Espe. Mama yangu amekubali. Amesema nikuambie atakuja mwenyewe, afike kwa mama yako. Mengine ya dini tutayazungumza. Nioe... niruhusu nikuoe."

Esperansia aliangua kicheko kidogo kwa alivyojikwaa, kisha machozi yakampata humohumo.

"Nimekusamehe. Nataka ujue. Nimekusamehe toka jana, pengine toka kabla."

"Basi?"

"Nakupenda, Khalidi. Lakini ukisema, nakisikia kile kicheko. Sauti yako ikianza tu, na chenyewe kinaanza nyuma yake. Hata sasa. Nitalalaje kando ya sauti hiyo? Nitawaleaje watoto nayo?"

Khalidi aliegemea mlango wa gari. Angeweza kusema mengi. Alitikisa kichwa tu, kwamba ameelewa.

"Uwe unanipigia," Esperansia alisema. "Jumamosi, saa zile za kipindi changu. Ila usiseme. Nikuzoee kwanza ukiwa kimya."

Akampigia. Jumamosi baada ya Jumamosi, yeye stendi Biharamulo na mlango wa kibanda umefungwa, Esperansia Mugoma kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Kwenye simu zilipita honi za mabasi kwenda kule, zikarudi sauti za kuku na jembe. Mara nyingine Esperansia alisimulia: maharage yamekauka, mguu wa mama una nafuu, redio wamempigia arudi. Khalidi alipumua, na kwa pumzi hiyo Esperansia akajua kama anatabasamu.

Mvua za vuli zilipoanza, Esperansia akapata ujasiri.

"Khalidi," alisema. "Leo sema kitu."

Chiriku wa Biharamulo, aliyewasemea polisi na mbwa, alitafuta kote asipate neno zaidi ya moja.

"Espe."

Alilisema kwa upole wote alio nao. Esperansia alifumba macho, akasikiliza. Akasubiri. Kisha mabega yakamshuka.

"Bado," alisema. "Bado nakisikia."

Mvua ilikuwa inanyesha Mugoma, na kwa mlio wa mabati ilikuwa inanyesha Biharamulo pia. Esperansia alivuta khanga ikamfunika mabega, akaibana simu sikioni, na hakuna aliyekata.